Wamenipimia paa bila kupanda juu

Jumba langu liko Majengo, Mombasa: chini kiwanda cha mikate, juu ofisi za kupangisha. Niliita kampuni moja ya sola inipimie nijue kama sola inanifaa au la. Upimaji wenyewe nimeulipia, si bure, na mpaka leo nina uchungu nao.

Kijana aliyekuja hakupanda ngazi hata moja. Alikaa kitako, akafungua tableti, akanionyesha picha ya setilaiti. Nikamwambia, mwanangu, picha hiyo ya zamani. Upande wa magharibi siku hizi pana ghorofa la jirani, ikifika alasiri nusu ya mabati yangu yamo kivulini, twende juu ukajionee. Akanijibu mbele ya wafanyakazi wangu: "Bi mkubwa, mambo ya kiufundi tuachie sisi. Utaletewa ripoti."

Mimi huyo! Bili ya stima ya jumba lile nailipa tangu marehemu mume wangu yu hai. Faili la bili za mwaka mzima lilikuwa pale mezani, nimemtolea kwa mkono wangu, wala hakuligusa. Angelifungua angeona matanuri na mashine za kukandia huwashwa baada ya isha mpaka alfajiri, ili boflo ziwahi madukani. Mchana huku chini pana taa na friji tu. Viyoyozi viko ofisi za juu, na kule kila mpangaji ana mita yake na anajinunulia tokeni. Sasa jua la adhuhuri linamfaa nani? Hilo ndilo swali nililomlipia, na hilo ndilo hakulijibu.

Ripoti ilikawia, tena ikaja na kurasa za rangi tele. Paa zima limejazwa paneli, kivuli hakimo. Eti zielekezwe kusini! Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, zaidi ya nusu ya mwaka jua la adhuhuri hutupitia kaskazini. Sijui ripoti hiyo waliiandikia mji gani. Na umeme wa ziada, wasema, "utauza kwa gridi", yaani mtandao wa umeme wa taifa. Kwa kanuni za Kenya za 2024 hulipwi pesa, unapunguziwa bili, tena kwa nusu tu ya yuniti ulizoingiza. Mbona hilo hawakuliandika?

Nilipopiga kelele wakamleta fundi mwingine, mtu mzima, na huyu sitamdhulumu. Alisalimu, akapanda juu, akakaa mpaka kivuli kilipoingia. Akanionyesha misumari iliyoliwa na chumvi ya bahari, akasema mabati yabadilishwe kwanza. Akazisoma bili moja moja. Neno lake: matanuri yaache yalivyo, betri za kuyaendesha usiku kucha zitakula faida yote, lakini wapangaji wakikubali kuwa chini ya mita moja, sola ndogo ya viyoyozi inalipa. Nikataka kabisa kuwapa sifa, wallahi.

Kisha ofisi yao ikaniambia maneno ya fundi hayataingia kwenye ripoti mpaka nilipe ada ya pili. Ada ya pili ya kazi ambayo ya kwanza haikufanywa! Basi sifa nazirudisha, zibaki za fundi peke yake. Nataka ripoti yenye kile kivuli na bili zangu za usiku, kwa pesa zile zile nilizokwisha kutoa, na kijana yule asikanyage tena mlangoni kwangu.