Msumeno wa meza wa diski ya inchi 10: unafaa kukata ndimi za viungo?

Kwa fundi wa Bukavu anayetengeneza milango na viti vya mbao ya libuyu, mashine hizi ndogo zinazouzwa soko la Kadutu zinatosha kukata ndimi, yaani ncha zilizopunguzwa unene ili ziingie kwenye tundu la ubao mwingine. Mota haina shida, shida iko kwenye gide, reli ya kando inayoongoza ubao. Ukiifunga, upande wa nyuma unahama. Pima kutoka gide hadi jino, mbele na nyuma ya diski, kila mara kabla ya kuwasha. Nyuma ikibana hata milimita 1, ubao unaweza kurushwa kifuani.

Kwa ubao wa milimita 30 na ulimi wa milimita 10, anza na mabega, mikato ya kukingama kwenye mwanzo wa ulimi: diski milimita 10 juu ya meza, ubao umelala, unasukumwa na gide ya pembe, ile ndogo inayoteleza kwenye mfereji wa meza. Usiegemeze ncha ya ubao kwenye gide kubwa. Funga juu yake kibao kifupi kinachoishia kabla ya diski, uegemeze hapo. Mashavu, yaani nyuso pana za ulimi, yanakatwa ubao ukiwa umesimama, umebanwa kwenye kibebeo kinachopanda gide. Kuushika kwa mikono mitupu ni kutafuta ajali. Kipande kinachokatika kiangukie nje, kisikwame kati ya diski na gide.

Kisu cha nyuma ya diski, kinachozuia ubao usiibane, kimeungwa na kifuniko, kwa hiyo kwa kazi hii vyote viwili vinatoka. Ubunifu mbaya! Virudishe kabla ya kupasua mbao.

Glavu hapana, zinavuta mkono. Umeme ukishuka, diski ikaanza kulalamika, zima. Ukilazimisha, libuyu linaungua na mota pia.