Catena Malbec: Mvinyo Mwekundu wa Miinuko ya Mendoza

Miongoni mwa mvinyo mwekundu wa Argentina unaouzwa kwa bei ya wastani, sijaonja unaoonyesha kazi ya mwinuko waziwazi kama Catena Malbec, unaotengenezwa na kampuni ya Catena Zapata ya Mendoza, mkoa ulio magharibi mwa Argentina. Rangi yake imekolea hadi kukaribia weusi, jambo la kawaida kwa zabibu za malbec. Kinachoutofautisha ni kwamba, pamoja na uzito wake mdomoni, unabaki mchangamfu, na uchachu wake huusafisha ulimi kila baada ya funda.

Sababu iko shambani. Zabibu zake hutoka katika mashamba yanayopishana kwa mwinuko, kuanzia Lunlunta, takriban mita 920 kutoka usawa wa bahari, hadi shamba la Adrianna huko Gualtallary, lililo karibu mita 1,450. Mendoza ni nyika kavu inayopata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na mizabibu huishi kwa maji ya theluji ya Andes yanayoletwa kwa mifereji, kwa hiyo jua halikosekani na sukari hupanda bila shida. Huko juu, hata hivyo, usiku huwa na baridi, na baridi hiyo huizuia zabibu kupoteza asidi yake inapoiva. Nayo miale ya urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo huzidi ukali kadiri mwinuko unavyoongezeka, huufanya mzabibu ulinde tunda lake kwa ganda nene, na gandani ndimo zinamotoka rangi na tanini, yaani viambata vinavyokausha mdomo. Nicolás Catena, wa familia inayomiliki kampuni hiyo, alipopanda Adrianna mwaka 1992, wengi waliamini kwamba malbec haingeiva katika baridi ile. Kwangu mimi, harufu ya maua ya urujuani inayopanda kutoka glasini ni ushahidi wa kutosha kwamba alikuwa na haki ya kung'ang'ania.

Asili ya zabibu hii ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, hasa Cahors, na mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, ndiye aliyeipeleka Mendoza mwaka 1853. Huko kwao, baridi kali ya Februari 1956 iliua sehemu kubwa ya mizabibu, ilhali Argentina iliendelea kuitunza. Aliyezoea mvinyo wa Cahors, wenye tanini ngumu zinazokausha fizi, asitarajie kuukuta hapa: tanini za Catena ni laini, na ladha inayotangulia ni ya zambarau zilizoiva na beri nyeusi.

Chupa inapofunguliwa tu, vanila itokanayo na mapipa ya mwaloni ulimokomazwa mvinyo hujitokeza kupita kiasi na kuyafunika maua niliyoyataja. Ifungue saa moja kabla ya kula. Na kwa kuwa joto la nyumba zetu za pwani hufanya kilevi kitawale, iweke kwanza kwenye friji kwa dakika 20 hivi. Waargentina huunywa malbec na nyama ya ng'ombe ya kuchoma, nao hawakukosea, kwa sababu mafuta ya nyama huzilainisha tanini zaidi. Mbavu za mbuzi zinaufaa vilevile. Samaki wa kupaka nisingeuandalia, kwani tui la nazi na tanini hugombana mdomoni.