Mipira ya matone kwa bustani ya nyumbani: upi ununue kwanza

Hapa Dodoma mvua ya maana huanza Desemba, na Aprili ikiisha nayo imeshaaga. Miezi iliyobaki anayetaka mchicha wa nyumbani anamwagilia, na maji ya bomba huja kwa mgao. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya mpira, angalia maji yako yanatoka wapi na yana msukumo kiasi gani. Nimepanga machaguo haya kwa mtu mwenye matuta manne ya mita 1 kwa 5, kama yangu.

Nafasi ya kwanza: pipa la lita 200 na mipira myembamba ya matone. Huu ni ule mpira mweusi unaolala bapa ukiwa hauna maji, wa milimita 16, wenye tundu kila baada ya sentimita 30 (kwa mchicha na karoti tafuta wa sentimita 20). Inua pipa mita 1 juu ya matofali. Kila mita ya kimo inakupa bar 0.1 (bar ni kipimo cha msukumo wa maji), na mpira huu unaridhika na hiyo kwa mistari mifupi ya bustani. Kila tuta liwekee mistari miwili. Wakati wa jua kali mboga zinataka kama lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani lita 100 kwa matuta yote, na pipa litazitoa kwa saa moja na nusu hivi. Mgao ukikatika, una akiba ya siku mbili. Ubaya wake ni kwamba panya huutafuna kiangazi wakitafuta maji, na jembe moja tu linaukata.

Nafasi ya pili: seti ya ndoo ya lita 20 pamoja na mipira yake ya matone. Huko Kenya ilisambazwa sana na taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, tangu miaka ya 1990, na kwa mwenye tuta moja la sukuma wiki bado ni kitu kizuri. Unajaza asubuhi na jioni. Ukizidisha matuta, kazi ya kubeba ndoo inarudi palepale ulipotaka kuikimbia.

Nafasi ya tatu: mpira mgumu wenye vitoneshi vya ndani. Unadumu miaka mingi, na aliye na bomba lenye msukumo wa kudumu au tanki la ghorofani aupandishe hadi nafasi ya kwanza. Mimi niliuziwa wenye herufi PC nikahakikishiwa unafaa kwa pipa. Nikafungua koki, mita mbili za mwanzo zikatoa tone mojamoja, kwingine kukavu kabisa. Aina hiyo inasawazisha maji yenyewe, lakini mingi inahitaji walau bar 0.5, yaani tanki lililoinuliwa kama mita 5. Iliniuma, maana hela ile ingetosha pipa na mipira myembamba ya bustani nzima.

Mwisho: mpira wa kawaida uliotobolewa kwa msumari wa moto. Usifanye. Matundu ya karibu na koki yanamwaga, ya mwisho yanalia njaa. Chupa za plastiki zilizofukiwa shingoni mwa mche zina nafuu kuliko huu, hasa kwa nyanya chache.

Chochote utakachochagua, chujio halina mjadala. Chukua lenye wavu wa matundu 120 kwa inchi, linalofunguka kwa mkono, ulifunge baada ya koki. Maji ya visima vyetu yana chokaa: tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika lako, ndio huohuo unaoziba matundu ya mpira. Laza mpira matundu yakitazama juu ili tope litulie chini, na kila wiki fungua ncha za mwisho uache maji yatoke hadi yawe meupe.

Dukani mwombe muuzaji akunjue mita moja, upime mwenyewe umbali wa tundu hadi tundu. Nunua na konekta (vipande vya kuungia mpira) nne za akiba. Bei yake ni ndogo, na siku jembe litakapopita juu ya mpira, bila konekta tuta zima litakaa kavu mpaka urudi mjini.