Kapasita za polima ndani ya kasha lenye joto kali: uzoefu wangu

Nazitumia kapasita (vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme) za polima, yaani zenye plastiki inayopitisha umeme ndani, za mikrofaradi 470, volti 25, badala ya zile za elektroliti ya majimaji, kwenye sakiti za kushusha umeme ndani ya makasha yasiyopitisha hewa. Nimeridhika nazo, ila si kwa sababu inayowafanya wengi wazinunue.

Wengi huona kiwango cha juu cha joto, 105°C, kilichoandikwa ubavuni mwa kapasita wakaridhika. Cha kuangalia ni saa za maisha zinazoandikwa pamoja na joto hilo. Maisha ya kapasita ya majimaji huongezeka takriban mara 2 kila joto linaposhuka nyuzi 10. Ya polima, takriban mara 10 kwa kila nyuzi 20. Zote zikiwa za saa 2,000 kwenye 105°C, basi kwenye 85°C ya majimaji hufika saa 8,000, hata mwaka hautimii, na ya polima 20,000. Lakini ya majimaji iliyoandikwa saa 10,000 hufika 40,000 na kuishinda polima! Ni chini ya takriban 70°C ndipo polima inapoipita. Basi usikisie joto: bandika themokapo (waya wa kupimia joto) kwenye mwili wa kapasita, funga kasha, washa mzigo wote, subiri hadi kipimo kitulie.

Nguvu halisi ya polima ni ukinzani wake mdogo wa ndani. Mkondo wa mawimbi (umeme unaopanda na kushuka ndani ya kapasita) wa ampea 2 ukipita kwenye miliomu 100 huzalisha wati 0.4 ndani ya kapasita yenyewe. Kwenye miliomu 10 ni wati 0.04 tu. Katika kasha lisilo na feni, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Kasoro zipo. Mkondo unaovuja ni mkubwa zaidi, kwa hiyo siziweki kwenye kifaa cha betri kinacholala muda mrefu. Regyuleta (vidhibiti vya volti) za zamani zinazotegemea ukinzani wa kapasita iliyo upande wa umeme unaotoka huanza kuyumba. Soma kwanza kiwango cha chini cha ukinzani kinachoruhusiwa na regyuleta. Unyevu nao huiharibu polima, hasa ukiambatana na joto.

Kwenye laini ya betri ya volti 12 usiweke ya volti 16, maana chaji hupanda hadi 14.4 na nafasi inayobaki ni finyu. Na kapasita isikae ubavuni mwa koili au mosfeti (swichi ya kielektroniki ya sakiti): joto hupenya kupitia shaba ya bodi hadi kwenye miguu yake, hata kama hewa ya pale ni ya wastani.