Shelisheli au fenesi changa?

Wali na samaki kila siku huchosha, hata hapa Lamu ambako samaki hufika jikoni macho yanang'aa. Nimejaribu vitu viwili kubadilisha: shelisheli na fenesi changa. Ni matunda ya jamaa moja, na yote hutoa utomvu unaonata kama gundi. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kukata.

Shelisheli ni wanga. Chagua lililokomaa ila bado gumu, maana likilainika huwa tamu na mchuzi huharibika. Menya, toa moyo wake, kata vipande, chemsha kwa tui jepesi na chumvi dakika 20 hivi. Likiiva tia pilipili mbichi, ndimu na tui zito, punguza moto, ukoroge taratibu lisikatike. Ladha yake iko baina ya kiazi na mkate. Na ukilikaanga vipande vyembamba, usitoke jikoni. Wanangu huyamaliza sahanini kabla sijakaa.

Fenesi changa ni nyuzi tupu, halina ladha kubwa lake lenyewe. Lichemshe, lichambue kwa vidole, kisha likaange kwa kitunguu, thomu na bizari. Shemeji alifika nusu sahani ndipo akauliza mbuzi kachinjwa lini. Lakini protini yake ni kidogo, hivyo kunde zibaki mezani.

Mimi, siku ya kazi, shelisheli. Fenesi nalipikia mgeni asiyekula nyama.