Ofisi ya msaada wa sheria Kampala, baada ya eksirei yangu kusomwa vibaya (nyota 4 kwa 5)

Mnivumilie kama kuna herufi zimeruka, naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, wa kulia bado uko kwenye plasta.

Watu wengi hapa Kisenyi wameniuliza ile ofisi ya msaada wa sheria ikoje, ni ya ukweli ama ni wale wa kula pesa za watu, sasa naandika mara moja kila mtu asome. Jina la kituo cha eksirei sitaji, na la ofisi pia naliacha, kwa sababu mapatano tuliyosaini yana kifungu cha siri na mtu akijua ofisi ni rahisi kufika mpaka kwa kituo. Pesa nilizolipwa pia siwezi kusema ni ngapi. Mengine yote nasema.

Mimi nashona gomesi, yale magauni marefu ya heshima ya wanawake wa Uganda. Kwa wasiojua kazi hii, kitambaa cha gomesi ni kingi na kizito, makasi ni makubwa, na nguvu yote inatoka kwenye kidole gumba. Machi mwaka jana mvua ilinyesha, boda ikateleza pale barabara ya Namirembe, nikaanguka nikajizuia na kiganja. Kliniki wakanituma kupiga picha kwenye kituo kimoja mjini, nikalipa shilingi 40,000 kwa simu, nikapewa bahasha kubwa ya kahawia yenye filamu na karatasi ya Kiingereza nusu ukurasa. Daktari wa kliniki alisoma mstari wa mwisho tu, akasema mfupa haujavunjika, akanifunga bandeji na dawa za maumivu nikaenda nyumbani.

Miezi saba jamani. Miezi saba nashona na mkono unaouma, asubuhi siwezi kufungua kifuniko cha thamosi, nikikata kitambaa makasi yanadondoka. Nikaenda mpaka kwa muyunzi, fundi wa kienyeji wa kuunga mifupa, akanikanda na mafuta mara nne. Oktoba ndo hospitali ingine wakapiga picha upya, daktari akanionyesha kwa kalamu, kuna kifupa kidogo hapa kwenye kifundo upande wa kidole gumba kinaitwa skafoidi, chako kimekatika vipande viwili, havijaungana, na kipande kimoja damu haifiki vizuri kinaanza kufa. Akaniomba ile filamu ya zamani, bahati nzuri nilikuwa nayo juu ya kabati. Akaishika kwenye taa akanyamaza. Alafu akasema ufa ulikuwepo tangu siku ya kwanza, mwembamba kama unywele lakini upo.

Dada yangu ndo alinisukuma kwenda kutafuta sheria, mimi nilishaona ni mapenzi ya Mungu.

Sasa ofisi yenyewe. Iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, askari wa mlangoni ni mpole, aliniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda, akanibebea bahasha. Foleni ni ndefu, fika saa mbili asubuhi, mimi nilifika saa tatu nikapewa namba 17 nikaingia saa saba. Huduma ni bure, hakuna aliyeniomba hata mia. Lakini kwanza wanakuuliza mapato yako, una nyumba, una shamba, maana ni ya watu wasio na uwezo, mwenye uwezo wanamwambia atafute wakili wa kumlipa.

Wakili niliyempata ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza karibu, nikasema hapa nimepoteza siku. Kumbe! Kitu cha kwanza alichofanya hakuniuliza nataka pesa ngapi. Alitoa filamu akaiweka kwenye kioo cha dirisha, jua likapita, akaangalia kona ya juu pale wanapoweka ile herufi ya kuonyesha ni mkono gani. Ilikuwa R, kulia. Jina langu liko. Alafu akachukua karatasi ya majibu akaisoma polepole akiitafsiri kwa Kiswahili, na akafika mahali akasimama.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Hapa wameandika hamsini na mbili. Na wameandika kifundo cha mkono wa kushoto. Mama, hii karatasi ni ya nani?"

Nililia pale pale kwenye kiti. Miezi saba nilikuwa nimelala na ile karatasi juu ya kabati na mimi Kiingereza cha namba nasoma vizuri tu, 52 ningeiona. Jina juu ni langu, chini ni majibu ya mtu mwingine. Na mimi bado namfikiria huyo mama wa miaka 52, sijui alipewa majibu gani.

Akaniacha nimalize kulia, akaniletea maji, ndo akaanza kunieleza, na hapa ndo nawapa nyota zote kwa sababu hakunidanganya. Alisema kukosea peke yake si kesi. Ili ulipwe lazima uonyeshe walikuwa na wajibu wa kukuhudumia kwa uangalifu, hawakufanya kile mtaalamu wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo angefanya, na kosa hilo ndo limekuletea madhara. Kile kipimo cha mtaalamu wa kawaida kilitoka kwa jaji wa Uingereza mwaka 1957 na mahakama zetu bado zinakitumia. Akasema pia kitu ambacho sikupenda kusikia, kwamba ufa wa skafoidi mara nyingine hauonekani kabisa picha ya kwanza, ndo maana ukiumia pale madaktari wengi wanakufunga na kukwambia urudi baada ya siku kumi mpaka kumi na nne upige tena. Kwa hiyo kama filamu yangu ingekuwa safi, kituo kingesema sisi tungeonaje, na wangekuwa na haki. Kilichonibeba mimi ni vitu viwili, ufa unaonekana na karatasi si yangu.

Alafu akauliza nani amesaini ile karatasi ya majibu. Mimi sikuelewa saini inahusu nini. Kumbe malalamiko yanaenda sehemu tofauti. Aliyesaini akiwa daktari unampeleka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Akiwa ni mpiga picha wa eksirei, huyo si daktari, yuko chini ya baraza lingine la wataalamu wa afya kama watu wa maabara na maklinikali ofisa, wale maafisa tabibu. Ukipeleka kusiko utazungushwa. Na mabaraza yanaweza kumwonya mtu, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye orodha asifanye kazi, lakini fidia hayakupi. Fidia ni mapatano au mahakama. Na mashine yenyewe ikiwa na shida ya mionzi au haina leseni, hiyo ni ya Baraza la Nishati ya Atomiki lililoundwa na sheria ya 2008. Mimi shida yangu haikuwa mashine.

Mlango wa polisi pia upo, sheria ya makosa ya jinai inagusa mtu anayetibu kwa uzembe, lakini aliniambia kwa uwazi huo unahitaji ushahidi mzito na hautanirudishia hela ya operesheni. Tukauacha.

Jambo la muda mlisikilize vizuri. Kituo cha binafsi, kesi ya uzembe ulioumiza mwili ni miaka 3. Hospitali ya serikali au ya wilaya ni miaka 2 tu! Kwenye foleni nilikaa na mzee kutoka Mityana, mke wake skani ilisomwa vibaya hospitali ya serikali, huyo mzee alikuwa amesubiri hospitali wamalize kuchunguza, wamalize kuchunguza, akafika pale amebakiza wiki kama sita. Nilimwona wanamtoa kwenye foleni wanamwingiza mbio kabla yetu sote na hakuna aliyelalamika. Na ukishtaki serikali kuna notisi ya siku 45 ya kuwapa kwanza, kwa hiyo hesabu zake zilikuwa zimebana sana. Watu wanasema serikali haishitakiki, si kweli, mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamuru wilaya ya Nakaseke ilipe familia shilingi milioni 35 kwa mama aliyefariki 2011 kwenye uchungu wa kuzaa daktari hayupo. Kesi ile ilipelekwa na shirika linaitwa CEHURD, wao wanashughulika na haki za wagonjwa.

Kupata faili, kituo kilianza kutusumbua, ati kumbukumbu ni mali yao. Wakili akaandika barua akataja hati ya haki za wagonjwa ya Wizara ya Afya na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, kwamba taarifa za mwili wangu nina haki ya kuziona. Wakatoa. Kwa hospitali za serikali kuna sheria ya kupata habari ya 2005, wana siku 21 za kukujibu.

Pagumu kuliko kote palikuwa daktari wa kututolea ushahidi. Watatu walikataa. Mmoja alisema wazi, mimi na mwenye kituo tulisoma pamoja. Wa nne akakubali lakini ripoti yake ni shilingi 300,000 na ofisi hailipi hiyo, wakili ni bure ila mtaalamu unalipa mwenyewe, na hili wangeniambia siku ya kwanza badala ya mwezi wa pili. Kikundi chetu cha akiba cha mafundi ndo kilinikopesha. Mungu awabariki.

Tulifungua kesi mahakama ya hakimu mkuu kwa sababu tulichodai kilikuwa chini ya milioni 50, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kabla ya kusikilizwa mnapelekwa kwanza kwa msuluhishi, ni kanuni tangu 2013. Chumba kidogo, meza moja, wao watatu sisi wawili. Wakili wao akaanza na muyunzi, ati mimi ndo nilijiharibu kwa kukandwa. Nilikuwa nimemwambia wakili wangu habari ya muyunzi siku ya kwanza, nikiona aibu, na aliniambia asante mama kwa kusema sasa kuliko nisikie kwao. Alikuwa amejiandaa. Akaweka ripoti ya mtaalamu mezani, ufa uko kwenye filamu ya siku ya kwanza kabla ya muyunzi, na ufa wa namna ile ukifungwa plasta mapema mara nyingi unapona bila operesheni. Alafu akaweka karatasi ya miaka 52 pembeni ya kitambulisho changu. Hakuongeza neno. Yule meneja wao alizitazama hizo karatasi mbili muda mrefu.

Siku ya kwanza hatukumaliza, iliahirishwa mara mbili, tukasaini Mei. Walitaka kuweka kwamba niondoe malalamiko tuliyokuwa tumepeleka kwenye baraza, wakili wangu akakataa, akasema hayo si ya kuuzwa, mtu mwingine anaweza kupewa karatasi isiyo yake kesho. Pale nilimheshimu kweli. Malalamiko bado yanaendelea mpaka leo. Operesheni nimefanyiwa mwezi uliopita, wamechukua mfupa kidogo kwenye nyonga wakaujaza pale na skrubu moja.

Angalizo kwa wenye shida kama yangu, kuna vijana wanakaa karibu na mageti ya hospitali wanakwambia wana wakili, mkishinda mnagawana nusu kwa nusu. Wakili Uganda haruhusiwi kukubaliana nawe kugawana asilimia ya fidia. Ukisikia hivyo ondoka. Za bure zipo, kuna mradi wa msaada wa sheria wa chama cha mawakili, Uganda Law Society, kuna kliniki ya sheria ya LDC, chuo cha kufundisha mawakili, kuna Justice Centres, vituo vya msaada wa sheria, na majirani zangu Wakongo ambao ni wakimbizi wao wana Refugee Law Project.

Nyota niliyopunguza ni ya mambo matatu. Hiyo ya 300,000 nimeshasema. Simu hawashiki, mara tano napiga mara moja wanapokea, mtu wa Kisenyi nauli ni kidogo lakini yule mzee wa Mityana je? Na fomu zote ni za Kiingereza, hata Luganda hakuna, Kiswahili ndo usiseme na tangu 2005 katiba inakitaja kuwa lugha ya pili rasmi. Mtu aliyeumizwa na karatasi asiyoweza kuisoma unampa karatasi ingine asiyoweza kuisoma asaini, hapana, hili warekebishe haraka. Mimi nilisomewa kila mstari kwa sababu nilibahatika kupata binti aliyekulia Busia, mpakani na Kenya, kama mimi.

Ukienda beba filamu yenyewe, si picha ya filamu kwenye simu. Beba risiti, hata ujumbe wa malipo wa simu usiufute, wangu ndo ulionyesha tarehe. Na Ijumaa mchana usiende, wanafunga mapema.