Mishale kumi na miwili ya saiprasi kutoka Nakuru: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Mshale wa nne ndio uliopasuka. Nilivuta, nikaachia, nikasikia "ta!" kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini, kisha mshale ukaanguka hatua tatu mbele yangu. Kitako kilikuwa kimechanika katikati. Ufa ulianzia kwenye ule mfuo unaoshika uzi wa upinde, ukateremka hadi chini ya manyoya. Sikuumia, lakini niliketi kwenye nyasi kwa muda kabla ya kugusa mshale mwingine.

Nakaa Kisumu, upande wa Mamboleo. Upinde wangu ni wa mbao, wa pauni 40 (ndiyo nguvu ya kuuvuta), niliuziwa na mtu aliyekuwa akihama. Mwaka mzima niliutumia kwa mishale ya kaboni yenye vitako vya plastiki. Ni mishale mizuri, ila haikuelewana na upinde huu. Upinde wa zamani haujachongwa pengo katikati. Mshale unapita ubavuni mwa mti, juu ya ngumi, na ni lazima ujipinde kidogo ili uuzunguke. Mshale mgumu kupita kiasi hukataa kujipinda, na kwa sisi tunaovuta kwa mkono wa kulia unaishia kushoto. Gunia langu la shabaha lilikuwa limechakaa upande mmoja tu.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi samani mmoja Nakuru, mzee anayetengeneza mishale kando ya vitanda na kabati. Bei yake ni shilingi 450 kwa mshale kamili, wenye manyoya na kigumba cha chuma. Kumi na miwili ni 5,400, nusu mwanzoni kwa M-Pesa, nusu kazi ikiisha. Aliahidi wiki tatu, zikawa tano. Kwa fundi wa Kenya hiyo naihesabu kuwa ni mapema.

Nilipanda matatu nikaenda kumwona kabla ya kutoa pesa zote, na nauli hiyo siijutii. Karakana ni ya mabati, mlango mmoja, kijana mmoja anayejifunza kazi. Mbao ni saiprasi ya Elburgon, mabaki ya kazi nyingine, iliyokauka juu ya dari zaidi ya mwaka. Nilimuuliza kwa nini asitumie podo, akanitazama kama mtoto. Podo ni mti wa asili, akasema, hauguswi ovyo. (Nilicheka peke yangu, kwa sababu kwa Kiswahili podo ni mfuko wa kutilia mishale.) Na saiprasi si mbao ya kudharauliwa kwa kazi hii. Wamarekani wanasifu sana fito za mwerezi wa Port Orford, unaoota pwani ya Oregon, na mti huo kwa kweli si mwerezi. Ni wa ukoo mmoja na saiprasi tunayopanda uani.

Anapasua mbao kuwa vijiti vya pembe nne, anavipiga randa, kisha anavivuta kwa koleo kupitia tundu la bamba la chuma mpaka viwe mviringo, karibu milimita 9. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Ukutani ana misumari miwili iliyoachana sentimita 66. Ufito unalazwa juu yake, katikati unaning'inizwa mkebe wa mchanga, na rula inaonyesha umelegea kiasi gani. Kipimo chenyewe kinajulikana kwa mishale ya mbao: uzito wa pauni mbili, yaani gramu 907, kwenye nafasi ya inchi 26. Ukigawanya 26 kwa inchi ulizolegea unapata ufito unafaa upinde wa pauni ngapi. Kwa upinde wangu nilitaka ulegee milimita 16 na nusu hivi. Sikuamini mkebe. Nikaubeba hadi duka la jirani, mwenye duka akauweka kwenye mizani ya sukari, ikasoma 905. Nikarudi nikaomba radhi. Kati ya fito thelathini, kumi na nne tu ndizo zilizokaribiana. Nyingine alizitupa kwenye rundo la kujengea banda la kuku.

Sasa mfuo wenyewe. Hatumii mashine. Amefunga pamoja nyembe tatu za hakso kwa utepe, na kwa mkato mmoja anapata upana wa milimita 3 unaotosha uzi wangu. Kabla ya kukata alilamba kidole gumba, akalowesha kichwa cha ufito, akaugeuza mlangoni penye mwanga. Mbao ikilowa, mistari ya ukuaji inajitokeza, hafifu lakini inaonekana. Alichora kwa penseli mstari unaokingama na mistari ile, ndipo akaweka hakso. Mfuo ukifuata mistari ya mbao, uzi wa upinde unafanya kazi ya kabari: kila ukiachia unaupasua mshale kama kuni. Ukikingama, kila tabaka la mbao linazuia. Na faida ni mbili, kwa sababu ufito ukikaa hivyo upande wake mgumu ndio unaoegemea upinde.

Kina alichochonga ni milimita 6. Akasugua ndani kwa msasa uliokunjwa, akazungushia uzi chini ya mfuo kiasi cha sentimita moja, akaulowesha gundi. Uzi ule ni wa nyavu, na kumbe analetewa kutoka kwetu Kisumu. Mwisho aliupachika mshale kwenye uzi wa upinde wangu, uelekee chini. Mshale ukaning'inia. Akaugonga uzi kwa kidole, mshale ukadondoka. "Hapo sawa," akasema. "Ukiubana zaidi ya hapo hautaki kuondoka. Ukiulegeza utakuangukia miguuni."

Niliondoka alipokuwa amekata minne.

Kifurushi kilikuja kwa gari. Kondakta alitaka kujua kama nawinda. Nikamwambia uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 na mimi nawinda gunia la nguo kuukuu za soko la Kibuye. Manyoya yalikuwa yamelala ubavu, kwani mtu alikuwa ameweka mzigo juu. Hilo halikunisumbua. Ukiyashika juu ya mvuke wa sufuria kwa sekunde chache yanasimama tena.

Kisha ndipo nikapata ule "ta!".

Jioni ile nilikaa na bakuli la maji nikalowesha vitako vya mishale yote iliyobaki. Tisa, mfuo ulikingama vizuri. Miwili, ulifuata mistari sawasawa na ule uliopasuka. Nikapiga picha nikamtumia. Alinipigia kabla ya saa mbili usiku.

"Mwalimu, pole sana. Umeumia?"

"Sijaumia, mzee."

"Hiyo mitatu alikata kijana. Ilikuwa jioni, na stima ilikuwa imepotea."

"Na wewe hukumwangalia?"

"Sikumwangalia."

Aliishia hapo, hakuongeza kisingizio. Akaniambia ile miwili niivunje, nisimpe mtoto achezee, akanitumia mitatu mipya bila malipo, hata ya gari alilipa yeye. Tangu siku hiyo, kabla ya kupiga, naushika kila mshale ncha mbili, naupinda kidogo karibu na sikio. Ukilia, hauendi kwenye upinde.

Kwa miezi minne hii, mishale kumi na miwili (tisa ya kwanza na ile mitatu) imepigwa mara mamia na hakuna mfuo mwingine uliopasuka. Inatua katikati ya gunia, siyo kushoto. Ni mizito kuliko kaboni, kila mmoja karibu gramu 28, kwa hiyo inaenda polepole kidogo, lakini upinde umetulia mkononi na kelele imepungua. Msimu wa mvua miwili ilijipinda. Niliipasha juu ya jiko la makaa bila kuiunguza, nikainyoosha, nikaishikilia mpaka ikapoa.

Manyoya ndiyo malalamiko yangu. Ni ya bata mzinga, mazuri kwa macho, ila kwenye mishale miwili alichanganya ya bawa la kulia na la kushoto. Mshale mmoja unataka manyoya ya bawa moja tu, la sivyo unayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Gundi nayo iliachia pembeni kwenye mitatu. Vigumba havilingani uzito. Kwa 450 nilitarajia uangalifu ule ule wa kitakoni ufike na kwingine.

Kuna nyongeza moja ya shilingi 100 ambayo sikuichukua na sasa naitaka: kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe kinachopachikwa kitakoni kukingama na mfuo, ili uzi usukume pembe badala ya mbao. Mishale ya meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, ilitengenezwa hivyo hivyo. Nilipomsimulia mzee hakushangaa. Pembe anazitoa kichinjioni.

Nimeagiza mingine sita, yenye pembe, bila manyoya wala vigumba. Hayo nitabandika mwenyewe. Nimemwomba pia kijana ndiye akate mifuo, ila mchana, na mlango ukiwa wazi.